Nyongo Nyekundu

Bi Kisu hakuitwa hivyo kwa ubaya. Ni kweli ulimi wake ulikuwa na makali, na mteja aliyejaribu kumfundisha kusoma mizani aliondoka amejuta, lakini jina lilitokana na kazi. Alikuwa na bucha kwenye kona ya soko, yenye vigae vyeupe ukutani, kulabu zilizong'arishwa na gogo la kukatia lililobonyea katikati kwa miaka ya kupigwa shoka. Kisu chake chembamba hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata mdogo wake wa kumfuata, mwanamke mzima aliyefanya naye kazi tangu zamani. Alianza usichanani kwa kuuza maini tu, kwenye meza ya kuazima. Maini ndiyo yaliyomjenga, na katika maini alijivunia jambo moja kuliko yote: hajawahi kupasua nyongo.

Asiyeijua kazi hii ataona ni jambo dogo. Mfuko wa nyongo umejibanza chini ya ini, laini, wa kijani, umejaa maji machungu, na anayeutoa kwa pupa huutoboa. Likidondoka tone, ini hilo tena basi. Osha, loweka, kamulia ndimu, uchungu hautoki. Ndiyo maana watu husema mambo yametumbukia nyongo, na wengi wanaosema hivyo hawajawahi hata kuiona. Bi Kisu aliiona kila alfajiri. Alikuwa akiubana mfuko shingoni kwa vidole viwili, akipitisha kisu, kisha akiuweka pembeni ukiwa umejaa vilevile.

Kwa hiyo ilipogundulika kwamba kinachomtesa ni nyongo yake mwenyewe, soko zima lilicheka, na yeye ndiye aliyeanza kucheka. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliwaambia wateja, akijipapasa mbavu. Lakini usiku hakucheka. Maumivu yalikuwa yakimjia baada ya kula, chini ya mbavu za kulia, yakipanda mpaka begani, yakikaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Aliacha nyama ya mafuta, yakaja. Aliacha vya kukaanga, yakaja kwa yai la kuchemsha. Yeye aliyekuwa akimaliza sahani na kulamba vidole huku akisimulia kisa, sasa alikitazama chakula kwa jicho la kumtazamia mbwa aliyewahi kukuuma.

Picha zikapigwa, daktari akazitazama, akasema ni mawe. Mfuko umejaa vijiwe, na dawa yake ni kuutoa.

"Sawa," Bi Kisu alisema. "Mtapasua kuanzia wapi mpaka wapi?"

"Hatupasui hivyo siku hizi, mama. Tunapitia matundu. Manne madogo. Tunaingiza kamera na vyuma vyembamba, na mfuko tunautolea kitovuni."

Bi Kisu alijitazama kitovu. Alikuwa ametoa nyongo nyingi kuliko daktari huyo, na hata moja haikupita kwenye tundu. Lakini tumbo lilikuwa linauma, naye hakuwa mtu wa kubishana na maumivu, akakubali.

Sasa mjue na mumewe, maana bila yeye kisa hiki hakipo. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na kila mtu, pamoja na mkewe, alimwita Fundi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye pini mdomoni na futi ya kupimia shingoni, na kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, kikiitazama bucha. Ajabu ni kwamba katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuingia humo. Damu ilimshinda. Siku moja mteja alijichoma kidole kwa sindano ya cherehani, na aliyeanguka ni Fundi. Nyama aliijua ikiwa imeshaiva na imepakuliwa, na hapo, tuseme haki, hakuwa na woga wowote.

Asubuhi ya upasuaji Bi Kisu alilala kwenye kitanda cha magurudumu, amevalishwa gauni la hospitali lililofungwa mgongoni (mishono ya ovyo, Fundi aliiona mara moja). Alimshika mumewe mkono.

"Fundi, sikiliza. Mimi wananipiga nusu kaputi, sitaona kitu. Wewe ndiye macho yangu. Usibanduke hapo mlangoni mpaka wakuonyeshe hiyo nyongo."

"Nitaiona."

"Kwa macho yako mwenyewe."

"Kwa macho yangu mwenyewe, mke wangu."

Akaapa, na alipokuwa akiapa alikuwa anamaanisha. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka makalio yakafa ganzi. Hatimaye mlango ukafunguka, daktari akatoka na kibakuli cha chuma, uso umejaa furaha ya mtu aliyemaliza kazi vizuri. "Mzee, mambo yamekwenda salama. Nyongo ya mkeo hii hapa."

Wanasema macho hayana pazia. Ya Fundi yalikuwa nalo, na alilishusha. Alisimama mbele ya kibakuli, kope zimebanwa, akatikisa kichwa taratibu kama mnunuzi anayekagua kitambaa, akasema, "Nimeiona, daktari. Asante sana." Daktari akamtilia kitu mkononi, kichupa cha plastiki, akasema maneno ambayo Fundi hakuyapata vizuri kwa sababu masikio yalikuwa yakivuma. Alisikia tu, "Mpelekee mkeo, atapenda kuona." Akakifunga kichupa ndani ya leso bila kukitazama, akakitia mfukoni. Jioni alipofika nyumbani alikizamisha chini kabisa ya kopo la vifungo, akafunga kifuniko, akanawa mikono mara tatu. Kwa akili yake, humo ndani kulikuwa na kipande cha mke wake.

Kesho yake Bi Kisu alikuwa ameamka sawasawa, ameegemea mito, sauti imerudi.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Ilikuwa rangi gani?"

Mtu mwingine angesema sikumbuki. Fundi hakuwa na uzoefu wa uongo, na mwongo mgeni huwa ana haraka. Katika ulimwengu wake, chochote kinachotoka tumboni mwa mtu kina rangi moja tu.

"Nyekundu," alisema.

Mtoto wa bucha anayejifunza kutambaa anajua kwamba nyongo ni ya kijani. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa kwa sababu ya imani. Mke asiyemwamini mumewe angesema huyu ananidanganya, na mambo yangeishia hapo. Lakini Fundi hakuwahi kumdanganya, hata kuhusu mapishi ya mama mkwe. Basi kama Fundi ameona chekundu, chekundu ndicho alichoonyeshwa. Na kama walimwonyesha chekundu, nyongo haikutolewa. Walitoa kitu kingine, au walitoboa matundu, wakachungulia, wakafunga.

Ushahidi wa pili ulikuwa bega. Siku ile lilimuuma palepale pa siku zote. Muuguzi alimweleza kwamba ni hewa tu, kwamba tumbo hujazwa hewa ili vyuma vipate nafasi, na ile inayobaki husumbua bega kwa siku chache.

"Hewa," Bi Kisu alimwambia mumewe muuguzi alipotoka. "Mimi ni gurudumu?"

Akarudishwa nyumbani na maagizo mepesi: atembee, asibebe vizito, aanze na vyakula laini, na baada ya hapo ale kila kitu taratibu, mafuta yasizidi. Kutembea alitembea. Vizito hakubeba. Kula ndiko kulikokataa. Alikunywa uji mwepesi usio na maziwa, akala viazi vya kuchemsha viwili vitatu, akasukuma sahani. Bega liliacha kuuma kama muuguzi alivyosema, lakini Bi Kisu alikuwa na jibu: limeacha kwa sababu sijala kitu. Ningekula, mngeona.

"Dada, lakini daktari amesema ule," mdogo wake alimwambia, siku alipopita na funguo za bucha.

"Daktari amesema mengi."

"Kinyozi hajinyoi, dada. Ya kwako waachie wenye kazi yao."

"Hajinyoi, lakini akinyolewa nusu anajua." Akafunua gauni tumboni. Matundu yalikuwa yameshafunga, kila moja lingefunikwa na kifungo cha shati. "Tazama. Hapa ndipo ulipopita mfuko mzima wa nyongo? Mimi nikitaka kutoa nyongo nalitoa ini zima kwanza, naliweka mezani. Na walichomwonyesha shemeji yako kilikuwa chekundu. Wewe umewahi kuona nyongo nyekundu?"

Mdogo wake hakuwahi.

Maneno hayo yalisemwa mbele ya Fundi, aliyekuwa akipiga pasi kwenye kona, na hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Pasi ikasimama juu ya kola. Alifungua mdomo aseme. Lakini aseme nini? Kwamba aliombwa jambo moja katika ndoa nzima, jambo la kufungua macho, akayafumba? Alifunga mdomo, akaendelea na kola, ambayo sasa ilikuwa imeungua kidogo.

Ukishona kombo, fumua palepale. Fundi aliwaambia hivyo wanafunzi wake wote, kwa sababu kila hatua ya sindano inayofuata inaongeza kazi ya kufumua. Yeye mwenyewe aliendelea kushona. Siku ya kwanza ya kunyamaza ilikuwa ngumu, ya pili ngumu zaidi, na baada ya hapo alikuwa na uongo mrefu asioujua unaanzia wapi.

Bi Kisu akapungua. Mwanzoni watu walimsifu, umekuwa msichana, nini siri? Kisha wakaacha kusifu. Fundi alipunguza magauni ya mkewe, kwanza kiunoni, kisha mabegani, kisha kiunoni tena, na kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani ya mshono na kukipitishia uzi mwepesi, ili siku akitaka kukifungua kifunguke kwa mvuto mmoja. Hakumwambia mtu, ila kila alipokunja alimwomba Mungu. Naye aliacha kula vya maana, kwa kuwa hakuweza kutafuna mbele ya mtu anayekunywa uji kwa sababu yake. Watoto walishajitegemea, nyumbani walibaki wao wawili, na mabakuli mawili ya uji mezani, kama wagonjwa wa chumba kimoja.

Buchani Bi Kisu hakwenda tena. Alisema harufu inamtia kichefuchefu. Ukweli, aliojiambia mwenyewe tu, ni kwamba ilimtia hamu, na hamu ndiyo iliyomwogopesha. Mara moja alifungua dirisha jirani anakaanga vitunguu, mate yakamjaa, akalifunga dirisha kwa nguvu. Tuseme wazi basi, maana hakuna haja ya kuzungukazunguka: mwanamke aliyepona alikuwa anakufa njaa taratibu, na kilichokuwa kikimuua ni neno moja la mtu anayempenda.

Siku ya kurudi kliniki ilipofika, alivaa viatu vya kutokea mbele ya kioo, akatangaza uamuzi wake.

"Nimefikiri, baba watoto. Nitamwambia anifungue tena."

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni. Nusura azimeze. "Akufungue nini?"

"Tumbo. Wasipite kwenye matundu, wapasue kama watu. Watoe nyongo, na safari hii waitie kwenye chupa niione mwenyewe. Wewe walikufanya mjinga, sikulaumu."

"Sikulaumu" lile lilimkata maini Fundi kuliko tusi lolote. Hospitalini walikaa kwenye benchi lilelile la nje, wakangoja zamu.

Daktari aliyatazama matundu, akayabonyeza kando, akaridhika. Kisha akaitazama mizani, na kuridhika kukamtoka. "Mama, umepungua sana. Unakula nini?"

"Uji. Na nitaendelea na uji mpaka mtoe nyongo yangu."

"Nyongo yako tulishaitoa."

"Daktari, mimi ni muuza nyama. Nina nyongo mkononi kila siku tangu wewe hujaota ndevu. Ulimwonyesha mume wangu kitu chekundu. Nyongo si nyekundu. Kwa hiyo mlitoa nini? Na kama ni figo, nirudishieni."

Daktari alimgeukia Fundi. Hakuwa na hasira, alikuwa tu na mshangao wa kweli. "Mzee, ulikiona chekundu?"

Chumba kilikuwa kidogo: meza, viti vitatu, kitanda cha kupimia na kalenda ukutani. Fundi aliitazama kalenda, akautazama mlango. Halafu akapiga moyo konde.

"Sikuona chochote," alisema. "Nilifumba macho."

"Ulifumba nini?" Bi Kisu aliuliza.

"Macho. Nilikuahidi nikashindwa, mke wangu. Alileta bakuli, nikafumba, nikasema nimeiona, asante sana. Uliponiuliza rangi nikasema iliyonijia. Nilitaka kukwambia siku ileile, kisha kesho yake, kisha... Sikujua kwamba nyongo ni ya kijani. Ningejua ningesema kijani."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Fundi ilikuwa imeishia hapo, mbele ya daktari aliyejifanya kutafuta kalamu. Bi Kisu alisimama. Uso wake ulibadilika mara mbili tatu, na kila ulipobadilika Fundi alirudi nyuma nusu hatua.

"Miaka yote hii hujanidanganya," alisema kwa sauti ya chini, "hata mara moja. Ukaamua kuanzia kwenye nyongo?"

"Nisamehe."

"Nimekunywa uji! Uji, Fundi! Asubuhi uji, jioni uji! Kuna wakati nilitamani kutafuna kijiko!" Alimnyooshea kidole, na alikuwa na hasira kwelikweli, hasira ya mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni. Alitaka kuendelea. Lakini alimwona mumewe kama alivyokuwa amesimama, shati linampwaya shingoni, mikono imeshika futi ya kupimia aliyosahau kuivua, na ghafla akamwona pia mbele ya lile bakuli, amefumba macho, akisema asante sana. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Alicheka akajishika tumbo, akakaa, akacheka tena. "Alitikisa kichwa?" alimwuliza daktari. "Akiwa amefumba, alitikisa kichwa?"

"Mara mbili," daktari alisema. "Nilidhani anasali."

Hapo nusura Bi Kisu avunjike mbavu. Lakini hakuwa mtu wa kuuza mbuzi kwenye gunia, wala wa kumnunua. Alipofuta machozi alirudi kazini. "Sawa. Yeye hakuona. Bado mimi sijajua kama mlitoa. Ulipitaje kwenye kitovu? Nieleze taratibu, kama unamweleza mwenye bucha."

Daktari akavuta kiti, na ilionekana hakuna mgonjwa aliyewahi kumwuliza hivyo. "Tuliubana shingoni kwanza, tukakata, tukaubandua kwenye ini."

"Kama mimi."

"Kama wewe. Kisha tukautia kwenye kifuko cha plastiki humohumo tumboni. Tukauvuta mpaka mlango wa kitovu. Pale tukautoboa, tukafyonza maji yote, ukanywea, ukatoka."

"Mliutoboa!" Bi Kisu alishtuka kama aliyetukanwa.

"Kwa makusudi, mama. Ukiwa ndani ya kifuko."

"Na haikumwagika?"

"Hata tone."

Bi Kisu alifikiri. Aliviona vidole vyake mwenyewe vikifanya kazi hiyo, mahali pembamba, gizani, kwa vyuma virefu badala ya mikono, na akatikisa kichwa kwa heshima ambayo hakuwa akiigawa ovyo. "Hiyo ni kazi," alisema.

"Lakini ushahidi si unao?" daktari aliuliza. "Mawe. Nilimpa mzee kichupa."

Wote wawili wakamtazama Fundi.

"Kiko kwenye kopo la vifungo," alisema Fundi, na sauti haikutosha kufika mlangoni.

Nyumbani Bi Kisu hakungoja hata kuvua viatu. Alimimina kopo juu ya meza ya kukatia vitambaa, vifungo vikatawanyika, na katikati yake ikatua leso iliyofungwa mafundo mawili. Akaifungua. Akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakifungua kifuniko, akamimina vilivyomo kiganjani. Vilikuwa vijiwe vya njano iliyopauka, vimesuguana mpaka vikapata pande bapa. Vijiwe kama hivyo alikwisha kuviona, mara chache, kwenye nyongo za ng'ombe wazee. Figo haina mawe ya namna hiyo, wala tumbo, wala mahali pengine popote. Hakuhitaji daktari wala mume kumwambia. Macho yake yalitosha.

"Imetoka," alisema. Akaketi. "Fundi, imetoka kweli."

Fundi akasogea, na kwa mara ya kwanza akatazama. "Mbona ni vijiwe tu?"

"Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni wewe," alisema. "Kipande chako. Sikuweza kukitazama, na kukitupa sikuweza."

Bi Kisu alikuwa na jibu kali tayari, la kawaida yake, lakini halikutoka. Alimvuta mumewe kwa ile futi ya shingoni, akamkalisha kando yake.

Mchana ule alivuka barabara. Mdogo wake alipomwona akiingia buchani aliacha kupima, mteja akangoja. Bi Kisu alichukua kisu chake, akakipitisha mara mbili kwenye chuma cha kunolea, akachagua ini mwenyewe, akakata vipande vyembamba. "Hili ni la nani, dada?" mdogo wake aliuliza. "Langu," alijibu, na sauti yake ilisikika mpaka kwa wauza mboga.

Lakini ushahidi mkononi ni kitu kimoja na tonge mdomoni ni kingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jikoni alitia mafuta kidogo sana, kitunguu kikalainika, ini likaguswa na moto upande huu na upande ule, chumvi, pilipili manga, ndimu. Fundi alikuwa amepika wali, na ulikuwa umeshika kidogo chini, lakini si siku ya kumtafuta kosa jingine. Wakakaa. Bi Kisu alikishika kijiko, akakitua, akakishika tena. "Naogopa," alisema.

"Na mimi," alisema Fundi. "Lakini safari hii sifumbi macho. Kula, nakutazama."

Akala. Tonge la kwanza alilitafuna kama anayetembea gizani. Kisha kitu kikafunguka: utamu wa kitunguu kwanza, halafu ini lenyewe, laini, zito, na ile chumvi, na ndimu ikipita katikati. Akatia la pili mdomoni kabla la kwanza halijashuka vizuri. La tatu alilitafuna taratibu kwa kupenda, amefunga macho, na Fundi hakuthubutu kusema neno kuhusu nani amefunga macho sasa.

Alipoweka kijiko chini, sahani ilikuwa nusu. Hakuimaliza, kwa sababu alikuwa na akili na daktari alisema taratibu. Wakangoja. Zamani maumivu yalikuwa yakija kabla vyombo havijaoshwa. Fundi aliviosha, akavipanguza, akavipanga, akarudi.

"Bega?"

"Liko mahali pake."

"Mbavu?"

"Zipo. Kimya." Machozi yalikuwa yakimshuka. "Nilikuwa nimesahau kwamba kitunguu ni kitamu, Fundi. Unawezaje kusahau kitu kama hicho?"

Fundi alivuta sahani ile ya nusu na kuanza kula yeye, akala kama aliyetoka kulima, na mkewe akamwachia.

Alfajiri, kabla cherehani yoyote haijalia mtaani, Bi Kisu alimtikisa mumewe bega. Fundi alikurupuka, mguu mmoja sakafuni. "Nini? Yamerudi? Niite gari?"

Mkewe alikuwa amekaa kitandani, nywele zimesimama, mikono juu ya tumbo, na uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu anayesikia hodi ya ndugu aliyedhaniwa kapotea. Tangu maradhi yaanze alikuwa akila kwa saa, kama dawa. Neno alilotaka kusema halikuwa limesikika ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu sana.

"Nina njaa," alisema.

Fundi alicheka, kisha akalia, kisha akaenda kuwasha jiko, peku.